Je, kuna farasi asiyejikwaa? Aina za farasi na njia za milimani

Video za Lesotho huzunguka sana mitandaoni. Mzee kajitanda blanketi, kofia ya nyasi kichwani, anateremka mlima ambao wengi wetu tungeushuka kwa kukalia makalio. Farasi wake ni mfupi, hatamu zimelegea, na mzee mwenyewe anazungumza na mwenzake wala hatazami chini. Anayetazama huondoka na imani moja: farasi wa aina ile hawaanguki.

Imani hiyo ina ndugu zake. Utaambiwa farasi wa Iceland hakosei hatua hata kwenye mawe ya volkano, nyumbu (mtoto wa punda na farasi) wa Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani, hajui kuteleza, na farasi wa mbio ukimpeleka mlimani umemtafutia kifo. Wauzaji wa safari za farasi wameyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Matokeo yake, mtu anayepanga kupanda farasi kwa mara ya kwanza, iwe Lesotho au kwenye mashamba yaliyo chini ya Kilimanjaro, anauliza "Huyu ni wa aina gani?" kisha anaridhika na jibu, bila kumtazama mnyama aliyesimama mbele yake.

Si ajabu tukababaika. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikuwahi kuwa nchi ya farasi. Mbung'o walieneza nagana, yaani malale ya mifugo, usubi wakaeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na farasi wengi walioletwa bara hawakudumu. Mnyama tuliyemzoea ni punda. Mambo ya farasi tumeyapata kwa kusikia, na ya kusikia huja yamekwisha kukuzwa.

Nadhani jibu la haki ni hili: aina ya farasi ina maana, na maana yake ni kubwa, lakini jina la aina ni kumbukumbu tu ya mahali palipoichuja. Mlima ukiendelea kuchuja, jina lina uzito. Mlima ukiondolewa, jina hubaki kwenye cheti huku miguu ikibadilika.

Tunazungumzia nini hasa?

Aina ya farasi ni kundi la wanyama waliozalishwa wao kwa wao kwa vizazi vingi hadi wakafanana kwa umbo, kimo na tabia. Mara nyingi chama cha wafugaji huweka daftari lenye majina ya wazazi na watoto. Ndani ya aina moja huwa kuna koo mbalimbali, na koo hizo zinaweza kutofautiana sana, jambo nitakalolirudia.

Njia ya mlimani ni ujia usiosawazishwa: mawe yaliyolegea, mizizi, matope, vijito vya kuvuka, na pengine upande mmoja ni ukuta wa mwamba na upande wa pili ni korongo. Farasi mwenye hatua thabiti ni yule anayepita huko akiwa na mtu mgongoni, akichagua pa kukanyaga, na akiteleza anajishika haraka bila kupaparika.

Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Farasi asiyejikwaa hayupo. Mwaka 1925 Aimé Tschiffely, mwalimu mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Argentina, aliondoka Buenos Aires na farasi wawili wa aina ya Criollo, Mancha na Gato, akielekea Marekani. Walisafiri takriban kilomita 16,000 na kumaliza mwaka 1928. Criollo ni aina inayosifiwa kote Amerika Kusini kwa ugumu wake. Hata hivyo, kwenye njia moja ya Andes, Gato aliteleza na kuporomoka kuelekea genge refu, akazuiwa na mti mmoja uliokuwa umeota pale mtelemkoni. Alipogota kwenye mti alisimama kimya, hakujitupa huku wala huku, mpaka watu wakapata njia ya kumvuta juu. Ardhi ilimponyoka kama ambavyo ingemponyoka farasi yeyote. Kilichomwokoa, mbali na ule mti, ni kwamba hakupaparika.

Kwa hiyo tunapouliza kama aina fulani ina hatua thabiti, tunauliza mambo matatu kwa pamoja: mwili wake ukoje, amejifunza nini, na akili yake hutulia kiasi gani hofu inapomshika. Kurithi kunasaidia sana katika la kwanza, kidogo katika la tatu, na karibu hakusaidii kitu katika la pili.

Mguu, jicho na ardhi

Farasi husimama kwenye kidole kimoja tu kwa kila mguu. Ukwato unaofunika kidole hicho umetengenezwa kwa keratini, kitu kile kile kilichotengeneza kucha zako, na chini yake kuna kipande laini chenye umbo la pembetatu kinachogusa ardhi, kupunguza kishindo na kumpa mnyama hisia ya anapokanyaga. Kuanzia goti la mbele kwenda chini hakuna misuli ya maana, kuna mifupa na kano. Ndiyo maana mguu ni mwepesi kuurusha, na ndiyo maana pia ukwato uliokatwa vibaya huharibu mwendo mzima.

Akisimama, takriban asilimia 60 ya uzito wake hukaa kwenye miguu ya mbele. Muongezee mpandaji, kisha mpeleke mtelemkoni, na mzigo wa mbele unazidi. Farasi anayejua mlima hukunja makalio na kuleta miguu ya nyuma chini ya tumbo ili ibebe sehemu ya mzigo huo. Asiyejua hushuka akiwa amenyooka, uzito wote mabegani, na hapo ndipo magoti ya mbele hukunjika.

Macho nayo yana habari yake. Yamekaa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo farasi huona karibu pande zote, lakini haoni kilicho moja kwa moja mbele ya paji lake wala nyuma ya mkia. Jiwe lililo karibu na kwato zake za mbele kwa kawaida alishaliona hatua kadhaa zilizopita, akalikumbuka. Ndiyo sababu hushusha kichwa anapofika kwenye mawe: anatafuta pembe nzuri ya kuona. Mpandaji anayevuta hatamu kwa hofu, akidhani anamsaidia kuinua kichwa, anamfumba macho. Jicho la farasi pia huchukua muda mrefu kuliko letu kuzoea giza akitoka juani na kuingia kwenye kivuli cha msitu. Ukimwona amepunguza mwendo pale msitu unapoanzia, usimpige kisigino. Anasubiri kuona.

Katika haya, mfugaji anaweza kuchagua mengi kupitia uzazi: ugumu wa ukwato, urefu wa mgongo, umbo la makalio, kimo. Mgongo mfupi na miguu mifupi huushusha uzito karibu na ardhi, na hilo linasaidia kweli. Lakini kimo peke yake hakitoshi. Nyumbu wengi wanaobeba watalii Grand Canyon ni wanyama wakubwa, na wanashuka njia zile zile miaka nenda rudi.

Lesotho: mlima uliomtengeneza farasi

Tuchukue mfano ulio karibu nasi zaidi. Lesotho ni nchi ambayo hakuna sehemu yake yoyote iliyo chini ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kilele chake, Thabana Ntlenyana, kina mita 3,482. Majira ya baridi huleta theluji na barafu. Vijiji vingi vya ndani vilifikika kwa miguu au kwa farasi tu, na vingine mpaka leo barabara yake ni ya kubahatisha.

Farasi hawakuwa wa asili huko. Waliingia katika miaka ya 1820 na 1830, wakati Mfalme Moshoeshoe I alipokuwa akikusanya watu wake kuzunguka mlima wa Thaba Bosiu. Walitoka Rasi ya Tumaini Jema, na damu yao ilikuwa ya mchanganyiko: farasi walioletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya mashariki, wenye damu ya Kiarabu na Kiajemi, baadaye na farasi wa mbio wa Kiingereza. Yaani babu zao hawakuwa wanyama wa milimani hata kidogo. Katika muda mfupi Wasotho wakawa taifa la wapanda farasi. Mwaka 1852, katika vita vya Berea, jeshi la Waingereza lilikutana na maelfu ya Wasotho waliopanda farasi, likarudi nyuma.

Sasa fikiria kilichowapata farasi hao kwa vizazi vilivyofuata. Hapakuwa na mazizi ya joto wala nafaka za kutosha. Aliyekuwa na kwato laini alichechemea akaachwa. Aliyehitaji majani mengi alikonda wakati wa theluji. Aliyepaparika kwenye genge alianguka, na mara nyingine aliyempanda alianguka naye. Waliobaki ndio waliozaa. Mwili ukapungua hadi chini ya sentimita 150 mabegani, mifupa ikawa migumu, kwato zikawa ngumu zaidi. Katika karne moja tu, mnyama aliyetoka kwenye tambarare za Rasi akawa farasi wa Kisotho anayejulikana duniani.

Jambo la pili halionekani kwenye video, nalo kwangu ndilo kubwa. Kitoto cha farasi wa Kisotho hutembea mlimani tangu siku zake za kwanza, nyuma ya mama yake. Hufuata mifugo kwenda kwenye kambi za malisho ya juu. Huvuka vijito, huteleza kwenye nyasi zenye umande, huumia kidogo, hujifunza. Kabla mtu hajamwekea tandiko, ameshakanyaga mawe kwa miaka. Hisia ya kujua mguu wako wa nyuma uko wapi bila kuutazama hukua kwa mazoezi, na utotoni ndipo inapokua kwa urahisi.

Tufanye jaribio la kichwani. Mchukue mtoto wa farasi wa Kisotho aliyezaliwa leo, mlee kwenye zizi la saruji na uwanja wa mchanga uliosawazishwa mpaka atimize miaka mitano, kisha umpeleke Semonkong, mji ulio katika milima ya Lesotho. Atakuwa na kwato nzuri na mwili mzuri, halafu atajikwaa kwenye mawe ambayo farasi chotara asiye na jina, aliyekulia pale pale, anayapita huku akitafuna nyasi.

Historia yenyewe inaonyesha jinsi jina lilivyo tete. Vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliwanyang'anya Wasotho idadi kubwa ya farasi wao bora, wakauzwa jeshini na wengi wakafia huko. Waliobaki walichanganywa na wanyama wengine, na karne ya 20 ilibidi juhudi maalumu zifanyike kuirudisha sifa ya farasi huyo. Kwa hiyo mtu akikuambia "huyu ni wa Kisotho halisi", umeambiwa kitu, ila bado hujaambiwa mengi.

Mwendo wa Iceland na jeni lake

Iceland inatoa mfano wa pili, na hapa sayansi ina neno la wazi zaidi. Farasi waliletwa kisiwani na walowezi kutoka Skandinavia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kwa karne nyingi sheria imekataza kuingiza wengine. Hata farasi wa Iceland mwenyewe akishatoka nje ya nchi haruhusiwi kurudi. Aina hiyo imejifungia na mandhari yake: mawe ya lava, mito ya barafu, matope.

Farasi hao wana mwendo uitwao tölt. Farasi wa kawaida akiongeza kasi kutoka kutembea huingia kwenye mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo, ambapo miguu miwili ya mshazari, wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili, hugusa ardhi pamoja na kuna nukta ambayo yupo hewani. Kwenye tölt miguu hushuka mmoja mmoja, na wakati wote angalau mguu mmoja uko chini. Mwaka 2012 watafiti walichapisha ugunduzi kwamba badiliko katika jeni moja, DMRT3, lina mchango mkubwa katika uwezo wa farasi kufanya miendo ya namna hiyo. Badiliko hilo limeenea katika aina nyingi zenye miendo ya ziada, na hata katika farasi wa mbio za kukokota vigari.

Habari hiyo iliwafanya wengi waseme kwamba sasa jeni la hatua thabiti limepatikana. Hapana. Jeni hilo linahusika na mpangilio wa miguu: upi ufuate upi. Halimwambii farasi jiwe gani limelegea. Mguu mmoja kuwa chini muda wote ni msaada, na mpandaji hatikiswi sana, jambo linalomwezesha kukaa kwa utulivu. Lakini farasi mwenye mwendo wa namna hii anayeburuza vidole karibu na ardhi hugonga mawe vizuri tu. Kwenye mwinuko mkali wenye mawe, tölt haina kazi. Farasi wote, wenye jeni hilo na wasio nalo, hutembea hatua ya kawaida.

Na Iceland nayo, kama Lesotho, ina malezi. Farasi wadogo hukaa nje katika makundi, wengi hupelekwa nyanda za juu kiangazi, hukusanywa vuli, na kwa kawaida hawapandwi mpaka wafikishe miaka minne au mitano. Maelfu ya farasi wa aina hiyo huzaliwa Ujerumani na kwingineko Ulaya kwenye malisho bapa. Damu ni ile ile. Masomo ya utotoni si yale.

Jina moja, wanyama tofauti

Marekani kuna aina iitwayo Rocky Mountain Horse, ambayo licha ya jina lake, linaloashiria milima ya Rocky ya magharibi, ilikuzwa Kentucky, chini ya milima ya Appalachia ya mashariki. Mtu aliyeifanya ijulikane, Sam Tuttle, alikuwa akikodisha farasi kwa wageni katika hifadhi ya Natural Bridge. Dume lake, Tobe, alibeba watu wasiojua kupanda kwenye njia za mawe, kisha akaendelea kuwa baba wa farasi wengi hadi uzeeni. Daftari la aina hiyo lilifunguliwa mwaka 1986. Mchujo wake ulikuwa wa kazi: dume aliyeweza kumvumilia mgeni mwoga kwenye njia mbaya ndiye aliyeendelea kuzalisha.

Linganisha na Tennessee Walking Horse. Kuna koo za aina hii zilizozalishwa kwa ajili ya safari na kazi za shambani, wanyama watulivu na wepesi. Na kuna koo za maonyesho, zilizochaguliwa kwa kurusha miguu ya mbele juu kupita kiasi, wanyama wakivalishwa viatu virefu na vizito. Wengine hata waliumizwa miguu kwa makusudi ili wairushe zaidi, ukatili uliolifanya Bunge la Marekani litunge sheria ya kuwalinda farasi mwaka 1970. Daftari linawaita wote kwa jina moja. Ukisema "Tennessee Walker ana hatua thabiti", unamzungumzia yupi?

Quarter Horse, aina yenye wanyama wengi kuliko zote Marekani, ina mgawanyiko kama huo. Farasi wa ranchi wanaofukuza ng'ombe vichakani wanajua kuweka miguu. Wale waliozalishwa kwa ajili ya kuhukumiwa umbo uwanjani mara nyingi walipewa misuli mizito juu ya kwato ndogo, na wakalipia kwa maumivu ya miguu.

Wanaodharauliwa

Kama aina ndiyo ingekuwa kila kitu, farasi wa Kiarabu asingepaswa kung'ara milimani. Wengi humchukulia kuwa mnyama wa mchanga, mwenye damu moto, mwepesi wa kushtuka. Lakini angalia Tevis Cup, mashindano ya safari ya farasi ya California yaliyoanza mwaka 1955: kilomita 160 ndani ya saa 24 kuvuka milima ya Sierra Nevada, na zaidi ya mita 6,000 za kushuka. Sehemu ya mwisho hufanyika usiku, kwenye vijia vyembamba juu ya korongo, na tarehe huchaguliwa karibu na mwezi mpevu. Wapandaji wengi huwaachia farasi watazame, kwa sababu jicho la farasi huona gizani vizuri kuliko la binadamu. Aina iliyotawala mashindano hayo kwa miaka mingi ni Mwarabu na machotara wake. Siri yake moja ni pumzi. Farasi aliyechoka hujikwaa, na Mwarabu huchelewa kuchoka.

Thoroughbred, farasi wa mbio, analaumiwa zaidi, na si bure: amechaguliwa kwa kasi kwenye uwanja bapa, na wengi wao wana kwato nyembamba. Hata hivyo, kwenye safari za farasi nchini Kenya utakuta wanyama wengi wenye damu hiyo, mara nyingi wakiwa chotara na farasi wadogo kutoka Somalia au Ethiopia. Hatari ya nyanda za Mara ni tofauti na ya Lesotho. Ni mashimo ya muhanga na ngiri, yaliyofichwa na nyasi. Farasi aliyezoea kule huliona shimo akiwa kwenye shoti na kukwepa, mpandaji akigundua baadaye. Alijifunza ukubwani. Kwa hiyo ukubwani pia inawezekana, ila inachukua muda, na mwalimu awe na subira.

Punda na nyumbu

Hapa tunafika kwenye mnyama tunayemjua. Punda walifugwa kwanza katika pembe yetu ya Afrika, takriban miaka 7,000 iliyopita, na babu yao wa mwituni aliishi kwenye nchi kavu yenye mawe mengi. Ukwato wake ni mwembamba na umesimama wima zaidi ya wa farasi, kwa hiyo unaingia mahali padogo. Ila tofauti kubwa iko kichwani. Farasi akishtuka, hukimbia kwanza halafu ndipo hutazama nyuma. Punda akishtuka, mara nyingi husimama na kutazama. Tunamwita mkaidi, lakini kwenye genge ukaidi huo unaokoa uhai wake na wa mzigo wake.

Nenda Lamu umtazame punda aliyebeba mchanga au mawe ya matumbawe akipita kwenye vichochoro vya mji wa kale. Kwenye ngazi zilizolika na jiwe lililolainishwa na miguu ya karne nyingi, yeye hushusha shingo, hunusa ukingo, huweka ukwato mmoja, husubiri, kisha huleta uzito. Ukimharakisha kwa fimbo ndipo huteleza. Wakfu wa The Donkey Sanctuary uliofungua kliniki ya punda Lamu mwaka 1987 umekuwa ukitibu miguu, vidonda na magonjwa ya wanyama hawa, na kila mwenye punda pale anajua kwato zilizoachwa zikakua ovyo zinavyomharibia mnyama mwendo. Aina haimwokoi punda mwenye kwato mbovu.

Nyumbu ninayemzungumzia hapa, si yule wa Serengeti, huzaliwa na punda dume na farasi jike. Huchukua nguvu na ukubwa wa mama, tahadhari na ukwato wa baba. Katika kijiji cha Supai, ndani ya eneo la Grand Canyon huko Arizona, barua bado hufikishwa kwa nyumbu, kwenye njia ya karibu kilomita 13. Kama ningelazimika kuchagua kundi moja la wanyama kwa njia mbaya bila kuwaona kwanza, ningechagua nyumbu. Bado ningeomba kuziona kwato.

Mzigo ulio juu

Kuna mchezaji mmoja katika jambo hili ambaye daftari la aina halimtaji kabisa, naye ni wewe. Anayebeba kichwani ndoo ya maji iliyojaa nusu anajua taabu yake: maji husukasuka, humvuta kushoto kabla hajamaliza hatua ya kulia. Mpandaji anayeyumba ni maji hayo. Farasi bora wa Lesotho akibeba mtu anayejipinda kutazama korongo kila baada ya dakika, atakosea hatua.

Uzito nao una mipaka. Mwongozo unaotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na kwenye milima ni busara kubaki chini ya hapo.

Unapopanda mlima, egemea mbele kidogo na kama ni lazima ushike manyoya ya shingo, usizivute hatamu. Unaposhuka, kaa wima, miguu chini yako, visigino chini. Ile tabia ya kulala nyuma kama watu wa kwenye sinema hukandamiza kiuno cha farasi, sehemu ile ile anayoihitaji ili akunje miguu ya nyuma. Kwenye mtelemko mfupi wenye changarawe, mwache ashuke moja kwa moja, asikate mshazari. Akishuka moja kwa moja miguu ya nyuma ikiteleza, ataketi kwa makalio na kusimama tena. Akiwa mshazari miguu ikiteleza pembeni, ataanguka kwa ubavu, na mguu wako utakuwa chini yake.

Viatu vya chuma navyo vina pande mbili. Hulinda ukwato usilike kwenye mawe, lakini chuma kitupu huteleza juu ya mwamba laini na lami kuliko ukwato wenyewe. Wanaopita miamba sana huweka vipande vya madini magumu kwenye kiatu ili kishike, au humwacha farasi peku ikiwa kwato zake zinavumilia.

Kabla hujapanda

Inama utazame kwato. Ncha ya mbele ikiwa ndefu na kisigino kimelala, mguu huchelewa kunyanyuka na ncha hugonga mawe. Farasi wa namna hiyo atajikwaa hata akiwa na cheti kutoka kwa mfalme. Kwato hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane, kwa hiyo uliza zilikatwa lini. Kisha omba aongozwe juu ya mawe, kamba ikiwa imelegea. Anayejua kazi hushusha pua, masikio yakielekea mbele, na hatua zake hufupika zenyewe. Asiyejua huinua kichwa na kukimbilia upande wa pili.

Muulize mwenye farasi amekulia wapi, na ni mara ngapi amepita njia mtakayopita leo. Uliza pia alifanya kazi gani jana, kwa kuwa mnyama aliyebeba watu kutwa nzima hana tena ile miguu uliyosimuliwa. Majibu hayo ukishayapata, ndipo uulize aina yake.